Uzito wa Kiti

La kwanza lilikuwa na pembe kama kabati.
Lilifika stesheni ya Tabora mwaka tisini na nne,
juu ya behewa, na vumbi la Saranda kwenye kioo.
Baba, mteuzi wa tumbaku, alilizunguka mara mbili,
akapapasa bodi kwa kidole gumba
kama apapasavyo jani lililotoka banini,
akasema, "Daraja la kwanza. Lina unyevu kidogo."

Tairi la akiba lilibebwa mgongoni kama mtoto.
Vioo vilipanda kwa kuzungusha mkono,
na mkono ukichoka vilibaki nusu,
tukala barabara ya Urambo, kilomita baada ya kilomita.
Nyuma hapakuwa na viti vya kuitwa viti:
mabenchi mawili ya sponji yaliyotazamana,
sisi sita, magoti kwa magoti,
Kalunde akimtapikia Msabila,
Msabila akimshtaki kwa Mungu.
Na mlango wake! Ukibamizwa, Isevya nzima ilijua
Mihayo amerudi;
wapangaji wakapunguza redio.

La pili lilikuja limenona.
Jina lile lile ubavuni, lakini pembe zimelambwa,
taa zimevutwa kando kama macho ya paka aliyeshiba.
Ukiliwasha, mwanamke wa Kijapani alisema sentensi moja ndefu,
na bibi, kila asubuhi, akamwitikia,
"Mwangaluka, mayu."
Alikataa kabisa kuambiwa hamna mtu mle.
Viti vyote sasa vilitazama mbele,
kila mmoja na mkanda wake, na kisogo cha mwenzake.
Fundi Hilali wa Kachoma alifungua boneti,
akatazama kwa muda, akaifunga taratibu:
"Lile nililitibu kwa spana na waya.
Hili linataka kompyuta, na kompyuta iko Mwanza."
Mlango ulisema *tup*, kwa adabu, mara moja.
Mbwa ndiye aliyejua baba karudi.
Kwa bibi tulikwenda wanne, kisha watatu.
Kalunde aliolewa Mbeya. Msabila alikwenda Muscat,
simu yake huita, huita.

La tatu nimelinunua mimi, kwa mkopo
ambao sitaki kuuhesabu kwa sauti.
Lina viti saba vya ngozi, saba!
Skrini yake ni kubwa kuliko televisheni
tuliyokuwa tukigombea sote sebuleni.
Lina jicho nyuma, jicho pembeni,
mlango wa nyuma hujifunga wenyewe, polepole,
kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.
Baba alilipanda akiwa tayari amekonda,
kiti cha kushoto, tukienda Kitete kupima damu.
Akapapasa dashibodi kwa kidole kile kile.
Nilingoja daraja.
"Halina harufu," alisema,
akageuka kutazama nje hadi hospitali.

Jumamosi iliyopita nilikuwa na mama, tukitoka Sikonge.
Lami mpya, miombo imeanza kutoa majani mekundu,
na gari haliruki, haligongi, halisemi kitu.
Mama alikaa nyuma, hajazoea kukaa mbele.
Kiti cha kushoto tuliweka ndoo ya asali, lita ishirini,
na juu yake furushi la michembe.
Tulipofika kilomita ya pili gari likaanza kulia,
*ti, ti, ti*, taa nyekundu ikiwaka kwenye kioo:
abiria wa mbele hajafunga mkanda.

"Linamlilia nani?" mama akauliza.
Nikamweleza: lina mashine chini ya kiti, linapima uzito,
likikuta kilo za kutosha linadhani ni mtu.
Akanyamaza. Tulipita nguzo nne za umeme, labda tano.
"Kilo ngapi?"
Nikasema sijui. Zile za ndoo, pengine.
"Mwisho wake na baba yako alikuwa hivyo hivyo,"
alisema, si kwa huzuni, kama mtu anayesoma mzani.

Kengele ilikuwa bado inalia.
"Simama basi, umfunge."

Nikasimama kando ya barabara.
Nikavuta mkanda, nikauzungusha kwenye ndoo, nikaubana.
Gari likanyamaza.
Mama alikwishasogea katikati, mikono juu ya kiti cha mbele,
akinusa asali.