Chai Iliyobaki

Barua ya chuo ina miezi miwili sasa
kwenye droo, chini ya soksi nyeupe za kazi.
Wamenikubali. Uzamili, uuguzi wa familia:
siku moja chumba changu, mzani wa watoto,
jina langu mlangoni, kalamu ya kuandika dawa.
Mama ameshawatangazia majirani wote wa Umoja.
Kaka yangu Mumo kila Jumapili: "Umelipa ada?
Ngojangoja huumiza matumbo."
Namjibu, matumbo ndiyo kazi yangu.

Sijalipa.

Ilikuwa zamu ya usiku, wadi ya wanaume, Julai,
baridi ile ya Nairobi inayoingilia kwenye kucha.
Kitanda cha kumi na moja, Mzee Ndambuki,
fundi viatu wa Gikomba. Presha nzuri, joto zuri,
namba zimejipanga kama wanafunzi gwarideni.
Nikaandika: anaendelea vyema. Nikatia sahihi
yenye mkia mrefu, sahihi ya mtu aliyefaulu mitihani.

Kavinya alikuwa akipiga deki. Akaegemea mopu.
"Sista, huyu hakumaliza chai."
Nikasema labda imepoa.
"Siku sita anamaliza, anafuta kikombe kwa mkate.
Leo ameibakiza. Tena ananiita jina la mkewe."

Nikarudi. Nikamshika kiganja, mashine nikaiacha.
Kilikuwa na unyevu, baridi, kama ukuta wa Julai.
Nikakimbia kumwita daktari.
Saa kumi alfajiri ndipo presha nayo ilipokiri
jambo ambalo kikombe kilikuwa kimekwisha kulisema.

Alipona, ndiyo. Alitoka na mkongojo
akaniahidi visigino vipya.
Mimi ndiye niliyekosa usingizi wiki nzima.
Huko kliniki, mlango umefungwa, niko peke yangu,
mama amempakata mtoto, anasema, "Ni homa tu,"
nani ataniambia chai imebaki?

Vitabu vina majibu. Najua, nimevipigia mistari
hadi kalamu nyekundu ikakauka.
Lakini kitabu hakitoki jasho,
hakigeukii ukuta kikiulizwa kinalala wapi,
hakidanganyi kuhusu pombe mke akiwa ameketi pale.
Acha kwanza nidanganywe mara elfu
hadi niutambue uongo kwa jinsi unavyovuta pumzi.
Acha mishipa ya wazee inikimbie chini ya sindano.
Nijifunze mguu uliovimba kwa sababu ya moyo
na mguu uliovimba kwa kusimama Marikiti
tangu saa tisa usiku, ukiuza sukumawiki.

Mumo anasema naogopa.
Naogopa. Yule asiyekiogopa kitanda cha kumi na moja
nisingempa mtoto wangu amguse.

Nimewaandikia chuo: miaka miwili, tafadhali.
Hawajajibu, na huenda nafasi imepotea.
Leo niko zamu. Kabla sijawasha mashine yoyote
nitapita kitanda kwa kitanda
nikichungulia vikombe.