Namba ya Ubavuni

Tulikiunda kile chombo cha kuvuka nyota
kwa kifuniko cha sufuria ya wali,
visoda, gurudumu la cherehani mbovu,
na gundi iliyotuumiza vichwa baridi yote ile ya Setagaya.
Yasuhei akasema chombo kisicho na namba hakiaminiki.
Basi ubavuni, kwa brashi ya nywele tatu,
nikaandika nne-moja-nne, saba-tisa-mbili-sita:
simu ya mgahawa wa Bi Tsuneyo,
aliyekuwa akitudai tambi za miezi mitatu.

Mwongozaji akaitazama, akavuta sigara:
"Safi. Inanukia hesabu za anga."
Akaitia kinywani mwa nahodha.
Na nahodha, machozi yakimlenga, akaitamka
tarakimu kwa tarakimu, dunia ikiteketea nyuma yake.
Ukumbi kimya. Watu wanafuta kamasi.
Mstari wa mwisho, Bi Tsuneyo akaruka:
"Simu yangu hiyo! Na deni langu je?"

Siku hizi vijana huisimamisha picha,
huichambua kama mchele wenye mawe.
Namba wameiona.
Kibao cha kituo cha Mwezini, "Vua viatu hapa", wamekiona.
Wamemwona jemadari wa Zuhura amevaa saa
(hilo halikuwa fumbo, alisahau kuivua,
lakini wameliandikia kurasa kumi,
nami nani niwaharibie utamu?).
Wananijia na biskuti. "Mzee, kuna lingine?"
Kuna. Nikawategea.
Wakahangaika wiki nzima, wakashindwa,
wakaniambia nichague mji.
Nikachukua Mwezi, jibu nikabaki nalo.

Lilikuwa dirisha la tatu.
Nobue wa Yasuhei, miaka sita, mapafu mabovu,
kitanda cha chuma huko milimani,
alimwambia babake: nikipona naenda mbali.
Usiku mmoja, wenzetu wameshaondoka,
Yasuhei akavunja njiti ya kiberiti,
akaizungushia uzi wa soksi nyekundu ya mtoto,
akaiketisha ndani, uso kioo.
Hakusema neno. Nami nikajifanya naosha brashi.
Kwenye sinema ilikuwa doa tu, robo ya sekunde,
chombo kikikata kona nyuma ya Zohali.

Mwaka juzi filamu ikasafishwa.
Mashine ikaondoa mikwaruzo, ukungu, vumbi,
na yeye. Ilidhani ni uchafu.
Nilirudia mara nne. Dirisha tupu, linang'aa
kama halijawahi kupumuliwa.

Nikampigia Nobue. Ana mvi sasa,
na duka la miwani kule Kofu.
Nikazunguka mbuyu kama mleta tanzia,
mara hali ya hewa, mara magoti yangu,
mpaka nikalitoa.
Akanyamaza. Nikasikia birika lake likichemka.
"Usihangaike," akasema.
"Mimi nilishuka njiani."