Dawati la Thembo

Mvua ikigonga mabati, Thembo hupindua dawati.
Kalamu huruka, Kabugho hulia,
nami hukumbuka fimbo
niliyoivunja mwaka jana, nikachemshia chai.

Hapa Kasese mto uliingia nyumba usiku.
Sijamwuliza uliondoka na nani.

Leo wingu limeshuka toka Rwenzori.
Kabla ya tone la kwanza namwita:
"Kagonge kengele."
Si saa ya mapumziko. Anajua. Najua.

Anaipiga ile ringi ya lori
kwa nguvu zote, huku mvua ikimlowesha,
na darasa zima linahesabu:
arobaini na moja, arobaini na mbili…

Anarudi. Anaketi.
Dawati limesimama kwa miguu yake minne.
Maji yanadondoka kwenye daftari.
Namvisha sweta yangu, mikono inapwaya.

Ubaoni, hesabu ya kutoa bado inatungoja.