Jeneza la Kukodi

Nilipanga maonyesho kumi na tisa kwa penseli
kwenye daftari la miraba linalonuka mafuta taa:
mlango unafunguka; mkono; uso wa mjane;
mjane analia. Hapa niliandika "karibu zaidi",
nikapigia mstari mara mbili
kama mtu anayejua kilio huanzia wapi.

Kamera ni ya chuo. Tuliitilia sahihi Ijumaa,
mimi na Shimenga, irudi Jumatatu saa mbili,
la sivyo vitambulisho vyetu vibaki kwa bwana stoo,
ambaye huhesabu vifuniko vya lenzi kama vifaranga.
Betri mbili, moja mgonjwa.
Maikrofoni tuliifunga kwenye mpini wa jembe,
tukaivisha soksi ya mtoto, upepo usiipigie miluzi.

Jeneza tulilikodi kwa fundi Muchilwa, barabara ya hospitali,
shilingi mia sita na masharti mawili:
lisilowe, na asilale mtu ndani.
"Hata kwa mzaha," akasema,
unga wa msumeno umemkaa kwenye nyusi.
Tukalisukuma kwa mkokoteni hadi Mahiakalo.
Wanaume walivua kofia njiani,
nami sikujua kama niwaambie.

Mjane wangu alikuwa Shangazi Mmbone,
mjane wa kweli, mwaka wa nne sasa
(nilimchagua kwa hilo, na bado sijamwomba radhi).
Nikamwelekeza: simama hapa, tazama pale, halafu lia.
Akanitazama kama mtu aliyeuziwa maziwa yenye maji.
"Nimlilie nani?"
Baba, nikasema. Baba wa kwenye filamu.
"Jina lake?"
Sikuwa nimempa jina.
"Ingasia, kulia bure ni kuita.
Mimi niliita mara moja, nikaitikiwa."

Basi. Saa tisa ikafika, na Kakamega ni Kakamega:
mvua haibishi hodi.
Ilitwanga mabati hadi Shimenga akavua visikizi.
Tukaliburuta jeneza barazani, tukajibanza,
kamera kwenye stendi ikabaki inatazama
kule ilikokuwa ikitazama.
Ningeapa nilikuwa nimeizima.

Nilikuja kuyaona Jumapili usiku, chini ya blanketi.
Dakika tatu na sekunde kumi na moja.
Mgongo wangu unapita, unatoka.
Shangazi anaketi kwenye kigoda, anafungua leso kiunoni,
anapangusa matone kwenye kifuniko
taratibu, kama anayefuta uji kidevuni mwa mtoto.
Kisha anapima kwa shibiri, kichwani hadi miguuni,
midomo ikihesabu, mpaka nane,
anasita,
anaanza upya.
Sauti ni mvua tupu.
Mwishoni anasema neno moja.
Nimelirudia mara arobaini, silisikii.

Nikatupa yote mengine.
Mwalimu aliuliza muswada uko wapi,
akauliza nani hasa aliongoza.
Nikafungua mdomo. Shimenga akasema, "Mvua, mwalimu."
Darasa likaangua kicheko.
Hamsini na nne kwa mia; tano zilikatwa
kwa ajili ya mgongo wangu.

Muchilwa naye alitutoza mia mbili za vanishi,
pembe moja ilikuwa imevimba.
Aliipiga msasa mbele yetu bila kusema kitu,
na ukimya wake ulikuwa ghali kuliko vanishi.
Jumanne nilipopita, pahali pake palikuwa wazi.
"Limekwenda," akasema. "Shinyalu. Alfajiri."

Nikauliza jina.
Hakushangaa. Alitafuta kitabu cha risiti
chini ya randa na misumari,
akalamba kidole, akafunua, akanisomea.
Nimeliandika kwa penseli ukurasa wa mwisho wa daftari,
mbali kabisa na yale maonyesho kumi na tisa.
Hapa silitaji.