Ngazi za Nazibrola

Lifti ya jengo letu hula sarafu.
Tetri ishirini kupanda, kushuka bure.
Tangu Novemba inakula tu, haipandi:
imekwama kati ya ghorofa ya tatu na ya nne,
mlango nusu wazi,
kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Hapa Rustavi tumezoea.
Tanuri za chuma zilipozimwa tulijifunza
kutosubiri kitu kwa sababu tu kinanguruma.

Nazibrola anakaa ghorofa ya tisa.
Namsikia kabla sijamwona:
mfuko wa viazi ukikwaruza ukuta,
goti la kushoto likilia kama bawaba,
kisha sauti ya chini, ya mtu anayedai deni
bila kutaka majirani wajue.

"Bwana, nihurumie." Hiyo ni ya kwanza.
Ya pili ni ya Tariel, mwanawe,
anayepakia kuku wa barafu ghalani huko Poland:
"Mkumbushe avae soksi mbili. Mimi hanisikii."
Ya tatu ni ya bili ya gesi:
"Sikuombi uilipe. Nakuomba
nisiiote."

Ya nne hutua mfuko, na hapo humgombeza:
"Nilikwambia Jumanne. Usijifanye hujasikia.
Fundi wa bomba hajaja, jikoni nina ndoo tatu.
Wewe ulitembea juu ya maji.
Mimi nateleza."

Nilicheka, nyuma ya mlango wangu, ghorofa ya sita,
chai mkononi. Mimi siombi.
Niliacha mwaka ule Lamara alipolala wodini
siku arobaini na moja. Nilihesabu. Kila siku niliomba,
na ya arobaini na mbili nikashuka vipandio vya hospitali
na viatu vyake ndani ya mfuko wa nailoni.
Tangu hapo mimi na Mbingu tunasalimiana kwa mbali,
kama watu waliowahi kufanya biashara mbaya pamoja.

Jioni moja ya Februari akasimama hapo hapo,
upande wa pili wa ubao, karibu nisikie pumzi zake.
"Na huyu wa humu," akasema, "asiyefungua.
Mpe usingizi. Na mwanga hautoki tena chini ya mlango wake.
Apate wa kumbadilishia taa."
Akapanda.

Nikatazama juu. Kweli, taa iliungua.
Wiki mbili nilikuwa gizani
nikiita hali hiyo kuzoea.

Sisemi bomba lilipona kwa dua.
Fundi alikuja Machi, akatoza lari themanini, akaacha matope.
Gesi ilikatwa siku nne. Tariel hajarudi.
Nilichokiona ni hiki:
mwanamke wa miaka sabini na moja
akianza kupanda na kilo kumi za viazi
na kaya nzima ya shida mgongoni,
akifika juu na viazi tu.

Wiki iliyopita goti lilimshinda.
Nikapanda mimi, mkate wa tanuri kwapani, ukinichoma.
Ya saba pumzi zikanikata. Nikashika ukuta.
Mdomo wangu, bila idhini yangu, ukasema: Lamara.
Halikuwa ombi. Halikuwa na amina.
Nikaliacha pale, kando ya baiskeli ya mtoto
isiyo na gurudumu la mbele.
Ya nane nikasema: goti.

Ya tisa alikwisha fungua.
"Umechelewa, mkate umepoa."
Haukuwa umepoa. Akaumega,
akanipa ile ncha ngumu, akakaa,
tukatafuna kimya, ndoo ya tatu ikidondokewa
tone, na tone, licha ya fundi na lari zake themanini.

Wakati wa kushuka nilibonyeza kitufe cha lifti. Mazoea.
Haikuja.
Nikashuka kwa miguu, na pale ya saba
nilipita polepole,
kama unavyopita mlango wa mtu aliyelala.