Daftari la Mteremko

Mbao tulizijaribu nyuma ya ghala la korosho,
Newala, ukingoni, pale ardhi inapochoka ghafla
na kujitupa kuelekea Ruvuma.
Mimi nilikuwa mwandishi. Ujasiri wa kushuka sikuwa nao,
nilikuwa na kalamu.

Mkorosho, pande la tawi lililoangushwa na upepo:
mwepesi, unapinda chini ya mtu.
Juni, nyasi zikiwa na umande, unakimbia vizuri.
Siku ya tatu ukapasuka katikati.
Mchopa alifika bondeni na nusu moja;
nusu nyingine ilikwisha kufika.

Mninga tuliuiba (niseme kweli, daftari halifungi mtu)
karakanani kwa baba yake Somoe,
ubao wa mlango wa mteja wa Kitangari.
Huo ulishika njia. Kwenye changarawe nyekundu
uliguna, ukachubuka, haukuyumba;
kwenye kona ya kichuguu ulikata
kama kisu cha mchinjaji mzoefu.
Mvua za Machi zikauingia, ukavimba,
na mlango wa Kitangari ukachelewa mwezi mzima.
Tulicharazwa wote, walioshuka na aliyeandika.

Bati tulilikunja pua kwa nyundo.
Lina kasi. Halina utii.
Jua la Oktoba likilishika hukai juu yake,
unaruka kama bisi.
Dadi alipata kovu la paja, limenyooka kama la rula,
akawa analionyesha kwa shilingi tano.

Mpingo? Mara moja tu. Kibao chenye ufa
kilichokataliwa na mchongaji.
Kilisimama katikati ya mteremko.
Dadi aliendelea.

Ndipo tukaanza kupaka: mshumaa,
sabuni ya mche, mafuta ya nazi yaliyochacha,
hadi Likwata aliposema, mafuta ya maganda ya korosho.
Tulijua. Nani Newala hajaona
vidole vya bibi yake baada ya kubangua?
Lakini tulitaka kasi.
Nimeandika: *Kasi, ya kutisha. Makalio, malengelenge.
Wiki mbili Likwata anakula amesimama.*

Wote hao walishuka wamekaa.

Somoe alikuja Agosti na robo ya pipa la bluu,
pipa la dawa ya mikorosho, limepasuliwa kwa msumeno,
bado lina mbinuko wake.
Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni
hata miguu yetu hatuioni.
Akafunga nyayo kwa mpira wa ndani wa baiskeli,
akasimama ubavu,
bega moja likitazama Msumbiji,
akaingia kwenye weupe.

Tulisikia nyasi tu,
sauti ya mtu anayepeta mchele chumba cha pili.
Kisha hata hiyo hatukuisikia.
Nilihesabu hadi arobaini.
Ukurasa huo una doa, kalamu iliposimama ikavuja.
Halafu mluzi, chini kabisa,
mbali na tulikokuwa tunatazama.

*Plastiki. Umande, safi. Tope, safi. Mchanga, inakwama.
Haipasuki.*
Sikuandika kwamba nilitamani kumchukia.

Somoe sasa anauza mbao Masasi.
Ukimwuliza kitanda cha mti gani, naye anakuuliza
nyumba yako inavuja wapi.
Lile pipa lilibaki kwangu, mlango wa banda la kuku,
miaka thelathini na minne, jua na kinyesi,
limepauka tu.

Jumamosi iliyopita niliwatoa kuku mapema.
Nikang'oa bawaba, nikalibeba kwapani
hadi nyuma ya ghala, kabla ya wapagazi kufika.
Kusimama sikuweza, magoti haya ni ya mwandishi.

*Julai. Plastiki ileile. Nyasi kavu, upepo wa kusini.
Mshukaji: mimi. Nimekaa.
Mita sita, labda saba.
Kofia imepotea.*