Rasimu ya Nne

Tegemeo, usiandike "Husika na kichwa cha habari hapo juu."
Kichwa anakiona. Kiko juu, ndiyo maana kikaitwa kichwa.
Hapo umeshamla mtu mstari mzima,
mtu mwenye duka, anayesoma barua amesimama
huku mkono mmoja ukihesabu misumari.

Lete hiyo rasimu ya bosi.
Bwana Mushobozi aliiandika jana saa kumi na moja,
umeme umekatika, kiyoyozi kimya,
simu ya benki bado inamlia sikioni.
Unaona kalamu ilivyochimba karatasi?
"Umekuwa ukitukwepa kama mwizi." Futa.
"Kwa mara ya mwisho kabisa." Hii ni ya kwanza. Futa.
"Kwa heshima na taadhima tunakuomba sana." Futa na hiyo:
huwezi kumzaba mtu kibao
kisha ukampigia magoti katika aya ileile.

Kinachobaki ni kidogo. Usiogope uchache.
Siku kontena lilipotoka bandarini.
Namba ya ankara, na sifuri zake zote.
Shilingi milioni tatu na laki nne.
Na siku tunayoitaka fedha, siyo "mapema iwezekanavyo,"
maana hapa Kurasini
iwezekanavyo haijawahi kuangukia Ijumaa
wala Jumatatu.

Mimi nilianza na taipureta,
karatasi za kaboni katikati ya nakala.
Ukikosea herufi moja umeikosea mara tatu,
basi nikajifunza kufikiri kabla kidole hakijashuka.
Ninyi mnafuta bila kuacha kovu.
Siwalaumu.
Nami barua yangu mbaya kuliko zote haikuwa na kosa hata moja.

Ilikwenda Temeke, kwa Bwana Malekela, kumkumbusha deni.
Nukta mahali pake, pambizo limenyooka, kumbukumbu namba ipo.
Akaja mkewe. Amevaa nyeusi.
Alikaa kwenye benchi hilo ulilowekea begi lako,
akaikunjua barua mezani, akaigeuza inielekee mimi,
akaweka kidole kwenye mstari wangu wa mwisho:
"Tunatarajia utatekeleza bila kukosa."
Akaniuliza kwa sauti ya chini, yenye adabu,
"Atekelezeje?"

Tangu hapo sipeleki barua kabla sijapiga simu.

Leo asubuhi nimepiga Gerezani, kapokea kijana wa dukani.
Ghala la Bwana Shelukindo liko Jangwani.
Mvua ya Jumanne unaijua.
Mifuko mia mbili ya saruji imegeuka mawe,
mawe yenye nembo ya kiwanda.

Deni halikuzama. Liandike lote, usilipunguzie hata senti,
si letu kulisamehe mimi na wewe.
Ila chini yake ongeza sentensi moja:
"Kama mvua imevuruga mpango wako, njoo ofisini
kabla ya tarehe 14 tupange upya."
Njoo, umesikia? Siyo "unashauriwa kufika."
Sasa isome kwa sauti.
Ulimi wako unapojikwaa, na yeye atajikwaa hapohapo.

Haya, imerudi.
Bosi ameisoma mara mbili akiitafuta hasira yake ya jana,
hakuiona. Kaniuliza, "Mbona fupi?"
Nikamwambia, ndefu alishaletewa na watu wa kodi, bosi.
Akacheka kidogo, akatia sahihi,
ile sahihi yake ndefu kuliko barua.

Gonga muhuri. Taratibu, usiizibe tarehe.
Nakala moja kwenye jalada.

Unauliza ule mwisho, "Wako katika ujenzi wa taifa,"
tuuondoe nao?
Uache.
Taifa sijui tumefikia ghorofa ya ngapi,
lakini misumari anauza yeye.